Mzigo wa Pole Kilungu

Kukaa mimi sijui. Nilipokuwa msichana, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa akinipa kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo, kuvikusanya, halafu kuvigawa tena, ili tu nisiwasumbue wenzangu kwenye benchi. Sasa nina miaka hamsini na kitu, mimi ndiye mkurugenzi wa maduka ya familia yetu, kutoka Kitui mjini mpaka Salama, na bado ni yule yule. Ofisini nina kiti cha ngozi ambacho wageni wamekikalia zaidi kuliko mimi. Nakula nimesimama. Naongea na simu nikitembea, na nikimaliza najikuta nyuma ya stoo na sijui nimefikaje huko. Wafanyakazi wananiita Ambulensi. Wanadhani silijui hilo jina.

Nasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye, "Kwani ulikuwa na haraka ya nini?" Haki sijui. Nilizaliwa nayo.

Baba yetu, ambaye kwa Kikamba tunamwita Nau, alianza na duka moja pale Sultan Hamud karibu na reli, chumba kimoja chenye rafu alizozipigilia misumari mwenyewe. Chumba kikawa vitatu, kaunta ikaondolewa, vikaja vikapu vya kubeba na mashine za kulipia, na jina letu likapakwa kwa rangi nyekundu ukutani mpaka madereva wa malori ya Mombasa wakawa wanalitumia kuelekezana. Lakini ploti yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kilungu, kule milimani, ambaye marehemu mume wake alifanya kazi ya reli na akainunua wakati watu wengine wanaona hapo ni kichaka cha kufungia mbuzi. Kila mkataba ulipokaribia kuisha, Nau alipanda Kilungu, akashinda kwa huyo mama kutwa nzima, wakaongea habari za kanisa na za mvua, na jioni akarudi na mkataba mwingine. Mwaka jana mkataba ulikuwa unaisha Desemba. Na mara hii wa kupanda Kilungu nilikuwa mimi, kwa sababu Nau alikuwa ameshaanza kupotea.

Kupotea kwake hakukuwa kwa barabarani. Alipotea akiwa amekaa hapo hapo mbele yako. Alikuwa akiniita kwa jina la mama, ambaye tulimzika zamani, akiniuliza kama nimewapa ng'ombe maji. Tulijaribu kumweka kwangu Kitui, nyumba kubwa, bustani, muuguzi wa kumwangalia. Wiki ya pili alfajiri akavaa koti na kofia akatoka. Tulimpata stendi akiwauliza makondakta ni gari gani linaenda Sultan Hamud, maana yeye ana duka la kufungua. Tukamrudisha. Akakaa kwa mdogo wangu, anayeishi karibu na duka, na kila asubuhi akawa anapelekwa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, kando ya mizani ya zamani ambayo haitumiki tena. Hapo, jameni, alikuwa mtu mzima kabisa. Alijua nani ni mtoto wa nani. Alijua fulani anatumia majani ya chai ya aina gani na kwamba yule mwingine goti lake linamsumbua. Ukimtoa kwenye kile kiti nusu saa tu, anaanza tena kuuliza ng'ombe wako wapi. Kwa hivyo kwangu mimi ile ploti haikuwa biashara. Maduka mengine sita yangeweza kufungwa nikalia siku mbili nikaendelea na maisha. Lile la Sultan Hamud lilikuwa ndilo limeshikilia akili ya baba yangu.

Nilijua hivyo, na bado sikupanda Kilungu. Mama mwenyewe alinipigia simu mwezi wa tatu. "Kuja tuongee," akasema. Nikamwambia nakuja wiki ijayo. Wiki ijayo tulikuwa tunafungua duka la Salama. Akapiga tena. Nikamwambia nakuja baada ya Pasaka. Tulikuwa tumesikia kuna supamaketi kubwa ya Nairobi inatafuta mahali Sultan Hamud, na mdogo wangu akaniambia, "Dada, enda kwa huyo mama." Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto, nitaenda. Mwezi wa saba tukasikia mama amelazwa hospitali Machakos, kifua. Nikamtumia ujumbe kwa simu, wenye picha ya maua: Pona haraka Mama, tunakuombea. Nakumbuka niliuandika nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya stoo, nikimfokea mtu kuhusu sabuni.

Sasa kuna desturi moja ya Nau ambayo ni lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyonikoroga. Mteja wetu akifiwa, duka linapeleka vitu: gunia la sukari, majani ya chai, mchele, debe la mafuta, bunda la unga. Si mkopo wala si mchango wa kutangazwa kwenye kipaza sauti. Ni pole tu. Lakini Nau hakuwahi kutuma vitu kwanza. Kwanza alienda yeye, mikono mitupu, akakaa na wafiwa. Wakati mwingine siku moja, wakati mwingine tatu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa tu kwenye benchi na wazee wengine, akanywa chai, akarudi. Vitu vilifuata baadaye. Nilipomwuliza kwa nini asitume gari asubuhi na mapema mambo yaishe, alinitazama akasema, "Utajuaje ni nini hawana kama hujakaa huko?"

Nilipochukua uongozi niliona hiyo ni njia ya mtu mwenye duka moja. Maduka saba, Ukambani yote hii, nani atakaa kwenye matanga ya kila mtu? Nikapanga vizuri. Meneja wa tawi akisikia msiba anaandika kwenye kikundi chetu cha simu, mimi naidhinisha, na ndani ya saa mbili gari liko njiani na mzigo wa pole, pamoja na kadi nzuri iliyochapishwa. Saa mbili! Nilijivunia hizo saa mbili. Kwenye mkutano wa wafanyabiashara mjini Wote nilizieleza mbele ya watu, wakapiga makofi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa Salama, nagombana na fundi wa rafu. Meneja wa Sultan Hamud alikuwa amepanda Kilungu kununua parachichi za duka, na alipopita kwa yule mama akaona hema jeupe limesimamishwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, magari matatu yameegeshwa chini barabarani, akina mama wa kanisa wamevaa vitambaa vyao na kwaya inaimba ule wimbo wa kwenda kwa Baba. Alijua mama alikuwa amelazwa. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Huku kwetu hema ni lile lile, viti ni vile vile, mwenye kukodisha ni mmoja, na nyimbo zenyewe tunaimba zile zile kwa harusi na kwa mazishi. Akaandika: Tumempoteza mama wa ploti.

Nilibonyeza kuidhinisha nikiwa natembea. Nikaongeza, "Wekeni mchele mara mbili." Halafu, Mungu anisamehe, nikaona hiyo haitoshi. Nikatafuta picha yake, ile tuliyopiga tukimpa kalenda ya mwaka mpya, nikaiweka kwenye ukurasa wa kampuni na maneno ya kumuaga. Watu wakaanza kuandika pole, pole, pole. Na nitasema ukweli wote, kwa sababu hakuna faida ya kuandika haya nikijificha. Kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa yule mama. Nilifikiria, sasa nitaongea na watoto wake, na watoto ni rahisi kuliko mama. Hivyo ndivyo nilivyofikiria.

Dereva aliyepeleka mzigo alikuwa mgeni kazini, mtu wa Mwingi, mpole, mwenye adabu za kanisani. Hakuwa anamjua mama hata kwa sura. Yaliyotokea amenisimulia yeye, na Kilungu nzima wamenisimulia pia, kila mtu na nyongeza yake. Alifika, akavua kofia, akabeba gunia la sukari begani mpaka mbele ya hema. Mchungaji akanyamaza. Dereva akaliweka gunia chini kwa heshima, akaona mama mmoja mzee amekaa kiti cha mbele na shuka miguuni, akamwinamia akamwita mama kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, "Pole sana, Mwaitu. Mwili umeshafika?"

Mama akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Umefika," akasema. "Ndio huu umekaa kwa kiti."

Ilikuwa ibada ya shukrani. Alikuwa ametoka hospitali siku ya Alhamisi na kanisa limekuja kumshukuru Mungu pamoja naye.

Asi! Wengine walicheka mpaka wakashikilia nguzo za hema. Wengine, hasa wazee, hawakucheka hata kidogo, kwa sababu kumpelekea mtu aliye hai sukari ya matanga yake mwenyewe si mchezo. Kuna mama mmoja alisimama akaanza kuomba kwa nguvu, akilikemea gunia. Dereva maskini alitaka kulibeba arudi nalo, lakini mama akaweka mkongojo wake juu ya gunia. "Wacha," akasema. "Ni langu. Si limeandikwa jina langu?"

Nilifuta picha kwenye ukurasa, lakini wapi, ilikuwa imeshasambaa. Mdogo wangu akanipigia. Alicheka kwanza, akacheka mpaka akakohoa, halafu kicheko kikakatika, na nikajua amefikia pale nilipokuwa nimefika mimi. "Ploti," akasema.

Nilimtuma meneja na keki ya kuomba msamaha. Akarudishwa nayo. "Amesema anataka mwenye maduka," meneja akaniambia, akiangalia viatu vyake.

Jumatatu nikapanda. Unaacha gari barabarani karibu na kiwanda cha kahawa, unafuata kijia cha udongo mwekundu kati ya mashamba ya matuta, juu, juu, na kule kuna baridi ambayo watu wa Kitui hatuizoei. Nilifika nikihema, na hotuba yangu ya msamaha nimeishika kichwani. Mama alikuwa sebuleni. Mzigo wote ulikuwa umepangwa ukutani vile vile ulivyokuja, na kadi yetu juu yake, ile yenye msalaba wa dhahabu. Nikaanza, "Mwaitu, nimekuja kwa niaba ya kampuni..."

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nikaanza tena. Akainua mkono. "Umeleta vitu vya matanga, sivyo? Basi kaa kwa matanga. Mzee wangu alipokufa baba yako alikaa hapo ulipo siku nne. Hakuleta hata kiberiti. Vitu vilikuja siku ya tano."

Siku nne! Nilikuwa na mkutano Kitui saa nane, lori limekwama kwenye mzani wa barabara, na watu wa kukagua usafi wanangoja Salama. Lakini nikafikiria kile kiti cha plastiki mlangoni, na Nau juu yake, nikafunga mdomo. Akaita msichana wa kazi akamwambia atumie ile sukari. Chai ya msiba wake ikaletwa, tamu kupita kiasi, na tukainywa.

Siku hiyo ya kwanza nilidhani nitapasuka. Mguu wangu ulikuwa unacheza wenyewe. Simu ilitetemeka ndani ya mkoba mpaka mkoba ukawa unatembea juu ya meza, na mama akauangalia kwa muda halafu akasema uwekwe jikoni. Majirani walikuwa wanaingia, maana habari ilikuwa imeenea, na kila mmoja alijua afanye nini. "Pole kwa msiba," wanamwambia mama wakiwa wameumauma midomo. "Asante," anajibu. "Alikuwa mtu mzuri. Mkali kidogo." Halafu kicheko mpaka nje. Mimi sikuona kichekesho chochote. Nilikuwa nahesabu ndani ya kichwa ni lini naweza kulitaja jambo la ploti bila kuonekana ndilo lililonileta. Saa tisa akaniambia, "Haya, kesho."

Jumanne nilirudi nikiwa nimekasirika. Nilikasirika nikiendesha, nikakasirika nikipanda, nikamsalimia nimekasirika. Akaniuliza habari za maduka, nikamwambia, na nikaona anasikiliza kweli, anauliza maswali ya mtu anayejua. Kwa nini tunauza ndengu za pakiti na huku watu wanalima ndengu? Nani anawapikia wafanyakazi? Kila nilipoona mlango wa kuingilia kwenye habari ya ploti, anaufunga. Nikataka kumtikisa mabega. Nikaenda chooni mara nne, si kwa haja, kwa kutembea tu.

Jumatano aliletewa mbaazi mbichi za kumenya, akaniwekea ungo mapajani bila kuniuliza. Mikono ilipopata kazi, mguu ukatulia. Hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka, sijui vipi. Nilimwambia kuhusu Nau. Nilimwambia jinsi anavyoniita kwa jina la mama na jinsi mimi nilivyoacha kumsahihisha, sasa ninamjibu tu kwamba ng'ombe wamekunywa. Nilimwambia kwamba ninaogopa. Kwamba siku kile kiti kikiondoka pale mlangoni, yule mtu aliyenifundisha kufunga sukari kwenye karatasi atakuwa ameondoka kabisa, na mwili utabaki nyumbani kwangu ukiuliza mambo. Nililia mpaka mbaazi zikalowa. Mama aliendelea kumenya. Nikajua tu, kwa moyo wangu wote, kwamba sasa tumeelewana, kwamba kesho nitashuka mlima na mkataba. Nilipofika kwenye gari niliimba. Mimi, kuimba!

Alhamisi nilifika mapema. Nilikuwa nimevaa vizuri, na karatasi za wakili ziko kwenye mkoba, kalamu pia. Mama alimaliza chai, akaweka kikombe chini. Halafu akasema, "Ile ploti, mwanangu, ilishaenda."

Sikuelewa. Nikamwuliza ilienda wapi.

"Niliweka sahihi hospitalini," akasema. "Kabla ya gari lako kuja. Usifikiri ni kwa sababu ya sukari."

Akanieleza, na alieleza bila hasira, nami ningependa angalau angekuwa na hasira. Watoto wake wawili, mmoja yuko Mombasa na mwingine ng'ambo. Wadi ilikuwa imejaa watu na bado ilikuwa na upweke. Yule mtu wa supamaketi ya Nairobi alikuja siku ya pili ya kulazwa kwake, peke yake, hakuwa na karatasi. Akavuta kiti akakaa. Akarudi kesho yake akakaa. Siku nyingine akamletea miwani yake iliyokuwa imesahauliwa nyumbani, alipanda huku Kilungu mwenyewe kuichukua. Hakuitaja ploti hata mara moja. "Mimi ndiye nilimwuliza," mama akasema. "Nikamwambia, wewe mtoto wa watu, unataka nini? Ndipo akasema." Akavuta shuka miguuni. "Nilikuwa nakungoja wewe. Kila mlango wa wadi ukifunguliwa nilikuwa naangalia."

"Nilituma ujumbe," nikasema. Nilijisikia nikisema hivyo.

"Niliuona. Maua mazuri."

Nilisimama. Nilimtukana yule mtu wa Nairobi moyoni kwa kila tusi ninalolijua, kisha nikamgeukia yeye. Nilimwuliza kwa sauti isiyofaa kuongea na mama wa umri ule, "Sasa siku nne zote hizi umenikalisha kwa nini? Unanicheza?"

"Kaa chini," akasema. Nikabaki nimesimama. Akasema, "Duka la baba yako limekufa. Ulikuwa usikie habari hiyo wapi? Kwa wakili? Kwa simu, ukiwa unaendesha? Nikasema uje ukae kwanza, uje ulie mahali palipo na mtu." Alikuwa anampenda Nau, hiyo niliiona. Na hakuwa na la kufanya tena, karatasi ni karatasi.

Nikamwuliza nitamwambiaje Nau. Alisema nimwambie polepole, na kwa Kikamba, na nisimdanganye.

Tulifunga Desemba. Nau tulimleta Kitui tena, na geti sasa lina kufuli. Asubuhi ya kwanza nilimkalisha barazani, nikavuta kiti karibu naye, nikamwambia polepole, kwa Kikamba, kama nilivyoagizwa. Nikamwambia yule mama wa Kilungu amewapa watu wengine ile ploti, na duka halipo tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimejiandaa aulize ng'ombe. Hakuuliza ng'ombe. Macho yake yalikuja yakasimama sawasawa usoni kwangu, na akaniita kwa jina langu mwenyewe, ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa muda mrefu sana.

"Si huyo mama alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa, Nau."

"Ulienda kumwona?"

Muuguzi alikuwa anapita na beseni. Nilisubiri apite.

"Nilienda," nikasema.

"Ukakaa?"

"Nikakaa."

Akapumua. Mabega yake yakashuka, na nikaona uso wake umelegea kama wa mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. "Basi hatukumkosea," akasema. "Ploti ni yake. Ana ruhusa." Akanishika mkono, akaridhika.

Kesho yake alikuwa amesahau yote isipokuwa kwamba kuna duka la kufungua. Alikuwa kwenye geti na koti na kofia. Ikabidi nimwambie upya, na aliposikia akanitazama vile vile, akaniita jina langu, akaniuliza maswali yale yale mawili. Na kesho kutwa. Imekuwa miezi sasa. Ndio wakati pekee wa siku ambapo baba yangu ananijua mimi ni nani, na ninamdanganya, maana hospitalini sikufika. Ninakaa naye barazani mpaka aulize, sitikisi mguu, simu nimeiacha ndani. Ulienda kumwona? Nilienda, Nau. Ukakaa? Nikakaa. Yeye anapumua, ananishika mkono, na mimi nageuza uso upande wa geti, nikitafuta kwa macho nilipoweka funguo za gari.